Shauri kwa Nyumba za Wakristu: Kwenda Namugongo kwa Njia ya Ziwa



Mwezi huu twaliacha kwa kitambo somo letu la sala za jioni nyumbani, nalo tutalishika tena Mungu akipenda, maana barua tulizoletewa tangu Noeli ni nyingi na karibu zote zauliza neno moja. Vigango vya upande wa Mwanza, Shinyanga, Kahama na Tabora vimekwisha kuanza kuweka fedha ili vipeleke watu Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Wauliza: twende kwa njia gani? Tuchukue nini? Mama yetu mzee ataweza? Na wengine, walioandika kwa maneno machache na kwa haya kidogo, wauliza kama ni lazima kupanda meli. Tutajibu kadiri tuwezavyo, na swali hilo la mwisho tutalikalia zaidi, kwa kuwa tumeona linawagawanya watu waliokuwa wakisali pamoja vizuri.

Kwanza tuitazame safari yenyewe. Mtu apanda meli Mwanza jioni, alala ziwani, na asubuhi apita Kemondo na kushuka Bukoba. Kutoka Bukoba njia ya lami yaelekea kaskazini, yavuka mto Kagera pale Kyaka, na baada ya kilometa kama 80 yafika Mutukula mpakani. Kisha Kyotera, Masaka, Kampala, na Namugongo yenyewe iko mbele kidogo, upande wa kaskazini-mashariki wa mji. Kutoka Bukoba hata Kampala ni kilometa kama 300. Hesabu hiyo si kubwa kwa motokaa, lakini siku ile huwa ndefu, maana mpaka hauna haraka na mtu, na karibu na Kampala magari husongamana hata mwenye kuuona mji mbele yake aweza kukaa saa mbili asiuingie.

Njia hii ya maji si ngeni kwa imani yetu. Mwaka 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walitoka Kageyi, pwani ya kusini ya ziwa, wakaenda Buganda kwa mtumbwi, wakafika mwezi wa Februari. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakarudi huku kusini, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi Buganda mpaka mwaka 1885. Kwa muda ule wote Wakristu walioachwa hawakuwa na Misa wala Komunyo. Walifundishana wao kwa wao, nao waliowaongoza ni watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Mathias Kalemba, ambao baadaye waliuawa kwa ajili ya imani. Waalimu wenzetu na wayakumbuke hayo wanapolalamika kwamba padre hufika kigangoni mara moja kwa mwezi. Basi Mkristu wa Usukuma aendapo Namugongo kwa meli, apita juu ya maji yale yale yaliyomchukua padre wa kwanza kwenda na kurudi. Jambo hilo lina utamu wake, wala hatutaki kulificha.

Lakini tuseme kweli: leo meli si ya lazima. Zamani gari lililotoka Mwanza kwenda magharibi lilisubiri pantoni pale Kigongo, na siku za watu wengi lilisubiri sana. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, lenye urefu wa kilometa 3, na gari lavuka ghuba kwa dakika chache, likapita Sengerema, Geita na Biharamulo mpaka Bukoba. Na ndugu zetu wa Kahama hawana haja hata ya kuiona Mwanza, kwani njia yao yaenda moja kwa moja mpaka Biharamulo. Kwa nini basi mtu apande meli? Twaona sababu mbili za kweli. Ya kwanza, mzee aliyelipiwa kitanda hulala akiwa amejinyosha, badala ya kukaa kutwa nzima amekunja magoti katika basi. Ya pili, usiku wa melini ni mwendo na malazi pamoja, na kikundi chenye watu 40 kisicholipia nyumba ya wageni usiku mmoja kimeokoa fedha zinazoonekana. Sababu hizo zaanguka zote mbili ikiwa mzee atawekwa katika daraja la tatu akalala sakafuni kati ya magunia. Kama fedha haitoshi kumlipia kitanda, apande basi. Tusiite kujinyima kile ambacho ni ubahili wetu juu ya mifupa ya mwingine.

Sasa twaja kwenye hofu.

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba jioni yake. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa 894. Meli ile ilijengwa ichukue watu 430. Wengi wa waliokufa wamezikwa Igoma, Mwanza, na kila mwaka watu huenda kusali pale. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikiwa na watu wengi mno kuliko 101 waliokubaliwa kwake, na waliokufa wakapita 220. Msomaji aliye kijana aweza kuyasikia hayo kama hadithi. Lakini katika nyumba nyingi za kandokando ya ziwa hayo si hadithi, ni mahali pa mtu palipo wazi mezani.

Tumeandikiwa habari za mama mmoja wa kigango fulani, mwenye kaka wawili waliozama katika MV Bukoba. Ameweka fedha yake kidogo kidogo kwa miaka miwili, akiuza nyanya, ili aende Namugongo. Ilipoamuliwa kwamba kikundi kitapita majini, alisema hawezi. Viongozi wakamjibu kwamba kikundi ni kimoja, atakayekataa meli amejitoa mwenyewe, na mmoja wao akaongeza kwamba mwenye imani haogopi maji. Mama huyo akanyamaza. Aliyetuandikia ni binti yake, naye auliza kama Kanisa lafundisha hivyo.

Halifundishi hivyo. Hofu ya mama huyu si upungufu wa imani, ni kumbukumbu. Mitume walikuwa wavuvi nao waliogopa chombo kilipojaa maji, na Bwana alikuwa pamoja nao mle mle. Na Mtakatifu Paulo, katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, aliwaonya wenye merikebu wasisafiri wakati ule. Hawakumsikia, na chombo kikavunjika. Hakuna aliyemwita Paulo mtu wa imani haba. Twawaomba viongozi wale wamwendee mama huyo nyumbani kwake, wasimwite ofisini, wamwambie kwamba nafasi yake ipo. Namna ya kuipata tutaieleza sasa hivi, na itawafaa wote.

Katika sura ile ile ya Matendo liko jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Luka aliandika hesabu ya watu waliokuwa chomboni: 276, nao wote wakafika nchi kavu. Katika MV Bukoba abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hata leo wako waliokufa wasiojulikana kwa hesabu iliyo kamili. Maskini hawakuhesabiwa walipopanda, wala walipozama. Tangu tuyasikie hayo tunaona kwamba kuandika majina si kazi ya karani tu. Kiongozi wa safari afanye orodha yake mwenyewe, yenye jina kamili, umri, kigango, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Anakili tatu: moja akae nayo yeye, moja apewe dereva, moja ibaki kwa paroko. Tena ahakikishe kwamba kila tikiti ina jina la mwenye kuitumia, na kwamba jina hilo ndilo lililo katika orodha ya meli. Asikubali kamwe kununua tikiti mkononi mwa mtu getini, hata kama ni ya bei nafuu.

Meli za leo si zile. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ilitengenezwa upya ikarudi majini Agosti 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, nayo yaweza kuchukua watu 1,200. MV Mwanza, iliyo kubwa zaidi, ilishushwa majini Februari 2023. Walakini chombo kikubwa nacho chataka macho. Mkifika bandarini mkaona watu wanaendelea kuingizwa na nafasi hakuna, au meli imelala upande mmoja ingali gatini, shukeni. Tikiti ipotee. Kiongozi aambiwe mapema na watu wake wote kwamba ana ruhusa ya kusema hivyo, na kwamba hakuna atakayemdai nauli; maana tumeona kwamba wengi hawashuki kwa kuwa waona haya kuwa wa kwanza kushuka. Na mkiisha kupanda, kila mmoja aonyeshwe mahali pa makoti ya kuelea na namna ya kulivaa kabla taa hazijapunguzwa, wala si baadaye. Wenye watoto waangalie kama yako makoti ya kimo cha mtoto.

Namna tunayoishauri ni hii. Kikundi kikodi basi lake, na basi hilo lisipande meli wala lisiwasubiri Mwanza. Siku ile ambayo meli itaondoka jioni, basi liondoke Mwanza alfajiri, likiwa tupu nusu, lipite daraja la Busisi na kufika Bukoba kabla ya usiku. Ndani yake wapande wale wote wasiotaka maji, pamoja na masufuria, mikeka, na mizigo mizito. Dereva apate usiku mzima wa kulala Bukoba. Asubuhi meli ifikapo atakuwa na macho mazima, maana siku hiyo ndiyo atakayoendesha mpaka Kampala. Mara nyingi wenye kupanga safari hufikiria uchovu wa abiria na kumsahau dereva, ambaye ndiye wa pekee asiyeruhusiwa kusinzia. Mama yetu yule na wenzake watakuwa wamefika mbele ya wengine, na wakipenda watakuwa wamepika uji. Kikundi kitabaki kimoja, hata kama kwa usiku mmoja kimepita njia mbili.

Siku za meli hubadilika. Mwulize bandarini mwezi mmoja mbele, kisha tena wiki moja mbele, wala msitegemee neno la mwaka jana. Na msipange kufika Namugongo usiku wa tarehe 2. Meli ikichelewa siku moja mtakuwa mmeikosa Misa. Tokeni Mwanza tarehe 29 au 30 Mei, mpate siku ya akiba. Siku hiyo isipotumiwa na shida itatumiwa na sala.

Hati za safari zimewaponza watu wengi kuliko mawimbi. Tumejua kikundi kimoja, ambacho hatutakitaja, kilichofika mpakani kikiwa kimejaa nyimbo, basi lake likazuiliwa kwa kukosa bima ya kuvuka. Walilala pale siku mbili, na sikukuu wakaisikiliza redioni. Basi angalieni. Kila mtu awe na pasipoti, au hati ya safari ya dharura itolewayo na Uhamiaji. Mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza kuingia Uganda, lakini kutohitaji viza si kutohitaji hati, na wengi huchanganya mambo hayo mawili. Mtoto awe na hati yake, na kama haendi na wazazi, awe na barua yao yenye sahihi. Dereva awe na kadi ya asili ya gari, barua ya mwenye gari inayomruhusu kulitoa nchini, na kibali cha kupeleka abiria nje.

Tena ziko kadi mbili za njano, wala mtu asidhani ni moja. Ya kwanza ni ya mtu: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, ndipo cheti kina nguvu. Na tangu mwaka 2016 cheti chake chadumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani asilipe mara ya pili, akitafute tu sandukuni. Watu hukikumbuka kwa kwenda na kukisahau kwa kurudi, nao maofisa wa Tanzania hukiuliza kwa mtu atokaye Uganda. Kadi ya pili ya njano ni ya gari, nayo ni bima ya kuvuka mipaka iliyo chini ya mpango wa COMESA. Ndiyo iliyowaponza wale tuliowataja. Bwana mmoja alituuliza kwa mzaha kama gari nalo lapigwa sindano. Tulimjibu kwamba heri lingepigwa, kwa maana mwenye gari angesikia kelele zake akakumbuka.

Usiku wa ziwani una baridi kuliko watu wa bara wanavyofikiri, na upepo wa kusi huanza kushika nguvu mwezi wa Juni. Chukueni blanketi na kitu cha kufunika masikio. Mwenye kuchafukwa na tumbo akae katikati ya meli, chini, wala asikae mbele penye kurukaruka. Ale kidogo kabla ya kupanda, mkate mkavu au kiazi, na kama kungali mwanga atazame mbali, asitazame kitabu. Mikoba yenye hati na fedha ilaliwe juu yake, isiwekwe miguuni. Rozari isaliwe mapema na kwa sauti ya chini, maana melini wamo pia wafanya biashara waliochoka na ndugu Waislamu wenye haki ya usingizi wao. Kikundi kisichowaacha wengine walale hakimtukuzi Mungu kwa nyimbo zake. Wawili wakeshe kwa zamu, wakihesabu watoto. Watoto wasiende kwenye vyuma vya kando peke yao, hata mchana, hata kama bahari ni shwari (wenyeji wa ziwa watusamehe kuliita bahari, aliye katikati yake usiku hataona tofauti).

Bukoba msipite kama wapitao sokoni. Katika kanisa kuu la Mama wa Huruma amelazwa Kardinali Laurean Rugambwa, ambaye tarehe 28 Machi 1960 aliwekwa kuwa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupata daraja hilo. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2012 mwili wake ukaletwa kanisani humo. Kusali hapo nusu saa ni kuanza hija kwa kweli. Kahawa ya kutafuna watawapa wenyewe. Mzee mwenye moyo wa kwenda mbio asizidishe.

Kule Kyaka daraja la mto Kagera lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, siku zile za vita, na nchi ile iliteswa sana. Wazee watakuwa na maneno ya kuwaambia vijana wakipita hapo, na dereva aweza kupunguza mwendo. Mutukula yenyewe ina kituo kimoja cha mpaka, kilichofunguliwa mwaka 2017, ambapo mtu huonyesha hati zake kwa pande zote mbili katika nyumba moja. Badilisheni fedha dukani, wala si kwa vijana wasimamao njiani, na wawili wahesabu pamoja. Yazimeni maneno mengi; jibuni swali lililoulizwa. Afisa akimwuliza mtu aendako, atosheke kusema Namugongo. Hana haja ya kumsimulia Mashahidi wote.

Ng'ambo ya mpaka gari lashika upande ule ule wa kushoto na saa ni ile ile. Kiswahili tangu mwaka 2005 ni lugha ya pili ya taifa la Uganda kwa sheria, lakini mama auzaye ndizi Masaka hajaisoma sheria hiyo. Mhaya mmoja katika kikundi ni mali, kwa sababu lugha yake na Kiganda ni ndugu. Wengine wajifunze neno la asante, ambalo ni «webale», na kumwita mwanamume «ssebo» na mwanamke «nnyabo». Waganda ni watu wa adabu nyingi, nao hufurahi sana mgeni akijaribu. Kabla ya Kampala, pale Kayabwe, njia yakata mstari wa ikweta. Watoto watataka kusimama na mguu mmoja huku na mmoja kule. Wapeni dakika kumi.

Kama mwaweza, piteni kwanza Munyonyo, kando ya ziwa. Hapo tarehe 26 Mei 1886 aliuawa Andrea Kaggwa, katekista. Sisi tulio katika kazi hiyo hatuwezi kupita mbali na mahali pake. Siku za sikukuu watu wa Namugongo ni wengi kupita kiasi cha kueleza. Wengine hutembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, kutoka Kenya na hata kwetu. Walinzi hukagua kila mfuko, na tangu watu wawili wenye mabomu walipozuiliwa karibu na kanisa la Munyonyo siku ile ile ya tarehe 3 Juni 2025, ukaguzi umezidi. Acheni visu vya jikoni katika basi. Patanibisheni mapema mahali pa kukutana mtu akipotea, mahali pasipohama, kama mti au lango, wala si «pale penye watu wengi». Kila mtoto na kila mzee awe na karatasi mfukoni yenye namba ya kiongozi, kwa kuwa simu huzimika na nyingine hazishiki ng'ambo.

Pale walipoteketezwa, Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, tarehe 3 Juni 1886, waliungua pamoja Wakatoliki na Waanglikana, hawakutengwa. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana wanawaheshimu wao 23. Hekalu zao mbili hazikai mbali. Tungependa kila kikundi kifike zote mbili. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14, nasi tungefurahi kama vijana wa Kipaimara wangepewa nafasi ya kusimama mahali pale bila kuhubiriwa na mtu yeyote.

Neno juu ya fedha. Tumesikia kwamba baba mmoja amekwisha kuuza mahindi ya ghala ili alipe nafasi yake, na nyumbani wako watoto sita na mavuno yako mbali. Twasema wazi: huyo asiende mwaka huu. Mashahidi hawatamkosa. Fedha ya kikundi ishikwe na watu wawili, iandikwe katika daftari ambalo kila aliyetoa aweza kulisoma, na iwekwe benki au katika simu yenye majina ya wote wawili katika maandiko. Sehemu moja ya kumi itengwe isiguswe, kwa mgonjwa au gurudumu. Aliyejitoa kwa ugonjwa au msiba arudishiwe yote isipokuwa ile iliyokwisha lipwa. Na yule mama wa nyanya asiambiwe hata siku moja kwamba amejitoa.

Kurudi kupangwe kama kwenda. Watu huwa wamechoka, fedha imepungua, na maneno madogo hugeuka ugomvi. Kwa hiyo laleni Masaka au Bukoba usiku mmoja, msiende moja kwa moja kwenye meli. Mifuko ya plastiki iachwe Mutukula, maana kwetu imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Walimu wapange mapema nani atasimama darasani, na kila nyumba ipange nani atakamua na nani atamwangalia mgonjwa aliyebaki.

Wenye kutaka kwenda na wapeleke majina kwa katekista wa kigango chao kabla ya Dominika ya Matawi, ili hati na chanjo zipate nafasi. Asiyeweza kulipa mara moja alipe kidogo kidogo, na apewe risiti kila mara. Mahali pa «meli» au «njia kavu» kila mtu aweke alama yake mwenyewe, asiwekewe na mwingine. Na mtoto anyonyaye, ijapokuwa halipi nauli, jina lake liandikwe.